Bei ya gari hushuka, gharama ya kulitunza haishuki

Miaka michache baada ya uhuru, watu wa Afrika Mashariki waliunda neno moja ambalo sisi wanaisimu hatujachoka kulitolea mfano darasani: Wabenzi. Walilichukua jina la gari la Kijerumani, wakalivika kiambishi wa- cha ngeli ya watu, na papo hapo kabila jipya likazaliwa. Kabila hilo halikuwa na ardhi ya mababu wala lugha yake. Lilitambuliwa kwa gari tu.

Kabila hilo bado lipo, ila limehama nyumba. Limetoka katika gari la chini la waziri wa miaka ya sitini na kupanda katika magari marefu yenye magurudumu manne ya kuvuta: Prado, Land Cruiser, Range Rover, Discovery, Touareg, X5. Aidha, mlango wa kuingilia umepanuka. Zamani mtu alihitaji cheo. Leo anahitaji mkopo wa chama cha ushirika na anwani ya yadi inayouza magari yaliyokwisha kutumiwa Japani au Uingereza. Mwalimu, daktari wa wilaya, mfanyabiashara wa nafaka na mhadhiri wa chuo kikuu, wote wanaweza kulipata gari ambalo lilipokuwa jipya lilikuwa la mkurugenzi wa kampuni huko ng'ambo.

Makala haya hayakusudii kuwacheka wanunuzi hao. Barabara zetu za mashambani zinajulikana, na mtu mwenye wazazi wazee nyuma ya kilima chenye matope ana sababu nzuri ya kutaka gari lililo juu na lenye nguvu. Ninalotaka kulichambua ni kosa la hesabu ambalo limekuwa kosa la taifa zima. Tunadhani kwamba bei ya gari ikishuka, gari lenyewe limekuwa rahisi. Sivyo. Bei hushuka, lakini gharama ya kulitunza haishuki. Hubaki pale pale ilipokuwa siku gari lilipotoka kiwandani, na mara nyingine hupanda.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Gari liliuzwa jipya kwa thamani ya shilingi milioni 10. Baada ya miaka minane linauzwa kwa milioni mbili na nusu. Mnunuzi hufurahi kwamba amepata robo tatu ya gari bure. Lakini muuza vipuri hajui habari ya punguzo hilo. Pampu ya mafuta, nozeli, turbo, giaboksi na mifuko ya hewa inayobeba gari badala ya springi ni vipuri vya gari la milioni 10, na huuzwa hivyo. Mtoza ushuru hulipunguzia gari thamani kila mwaka linapozeeka. Kaunta ya vipuri haina jedwali la namna hiyo. Kwa hiyo aliyenunua gari la milioni mbili na nusu amejitwika wajibu wa mtu wa milioni 10, ilhali hati yake ya mshahara ni ile ile ya jana.

Nina jirani, mwalimu wa miaka mingi, aliyenunua gari la namna hiyo la dizeli. Mwaka wa kwanza alituchukua sote kwenda harusini na mazishini. Mwaka wa pili gari lilianza kulala kwa fundi kuliko nyumbani. Siku moja nilimuuliza, "Mwalimu, mbona siku hizi twakutana katika matatu?" Akanijibu, "Daktari, gari lile nililinunua mara moja, lakini lenyewe huniuzia kila mwezi." Sijasikia mwanauchumi aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi.

Yamkini msomaji atauliza: kwa nini basi watu hupendelea dizeli? Jibu la kawaida ni mafuta, na jibu hilo lina ukweli. Injini ya dizeli huenda mbali zaidi kwa lita moja kuliko ya petroli yenye nguvu sawa. Lakini tuitazame faida hiyo kwa kalamu. Katika bei zilizotangazwa Septemba 2023, lita ya petroli jijini Nairobi iliuzwa kwa shilingi 211.64 na ya dizeli kwa shilingi 200.99. Kujaza tangi la lita 80 kuligharimu shilingi 16,079 kwa dizeli, na aliyejaza dizeli aliokoa shilingi 852 kwa tangi zima. Tuongeze na umbali ule wa ziada, faida ni ya kweli. Hata hivyo ni faida ndogo ndogo inayokusanywa kwa miezi mingi, na nozeli moja ikiharibika huizoa yote kwa siku moja. Injini ya dizeli ya kisasa husukuma mafuta kwa mgandamizo mkubwa mno kupitia matundu membamba sana. Mafuta machafu au yenye maji, ambayo trekta la zamani lingeyanywa bila kulalamika, huiua injini hii.

Serikali nayo imechangia mkanganyiko huu. Kwa viwango vya mwaka 2023, gari la dizeli lenye injini inayozidi sisi 2,500 lilitozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa wa asilimia 35 juu ya jumla hiyo, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya yote. Anayepiga hesabu ataona kwamba kwa kila shilingi 100 za thamani ya gari bandarini Mombasa, kodi hizo tatu pekee ni zaidi ya shilingi 111. Mnunuzi hutoa fedha zake zote langoni. Anapofika nyumbani na gari, hana akiba ya kulitunza. Tumelitoza gari kodi nzito siku ya kuingia, kisha hatuliulizi tena lolote kuhusu afya yake maishani mwake.

Sheria yetu mashuhuri ni ile ya miaka minane: gari lililotumika haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limezidi umri huo. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, iliweka miaka 15. Sheria yetu ni bora, lakini umri si afya. Kwa gari la kifahari la dizeli, mwaka wa saba au wa nane ndio wakati ambapo mkanda wa taimingi, mifuko ya hewa, turbo na mafuta ya giaboksi hudai kushughulikiwa. Dhamana ya kiwanda imekwisha zamani. Mwenye gari wa kwanza, ambaye ni mtu mwenye hesabu, huliuza wakati huo kwa sababu hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, anatuuzia gari pamoja na deni lake. Isitoshe, sheria hupima umri siku ya kuingia tu. Gari likishavuka lango la bandari, hakuna anayelihesabia miaka tena; litafika mwaka wa ishirini likiwa mikononi mwa mwenyewe wa nne au wa tano, kila mmoja akiwa na uwezo mdogo kuliko aliyemtangulia.

Hapa ndipo lugha inapoingia, na msomaji ataniwia radhi nikirudi katika taaluma yangu. Kiswahili cha gereji ni kielelezo kizuri cha ubunifu wa watu wetu. Gia, breki, klachi, plagi, gasketi, tairi, betri: mafundi waliyatwaa maneno haya, wakayavika sauti za Kiswahili, na kwa maneno hayo wakafundishana kazi bila kitabu. Nenda Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, usikilize. Kila kitu kina jina, na kwa kuwa kina jina, kina fundi wake.

Lakini magari ya dizeli yaliyoundwa kwa kufuata kanuni za Ulaya za tangu mwaka 2009 yana kifaa ambacho hakijapata jina lililokaa vyema vinywani mwa mafundi wetu. Kimefungwa katika ekzosi, na kazi yake ni kuyanasa masizi yasitoke nje. Mimi nitakiita kichujio cha masizi. Kichujio hiki hujisafisha chenyewe kwa kuyachoma masizi, lakini sharti joto lake lifike takriban nyuzi 600, na joto hilo hupatikana gari likienda safari ndefu bila kusimamasimama. Sasa fikiria gari linalotoka Lang'ata hadi mjini asubuhi, likitambaa kwa saa nzima. Joto halifiki. Masizi hujaa, taa huwaka mbele ya dereva, nguvu za injini hupungua. Kichujio kipya ni ghali mno. Basi fundi hufanya linalomwezekana: hukikata, hukitoa matumbo, hulifunga bomba tena na kuidanganya kompyuta ya gari. Kisichokuwa na jina hukatwa na kutupwa.

Gari hukimbia tena, na mwenyewe hushukuru. Lakini yale masizi yameenda wapi? Yameingia katika mapafu ya mtoto anayengoja basi la shule kando ya barabara. Mwaka 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nchini Uingereza, tangu Februari 2014, gari lililoondolewa kichujio chake hushindwa katika ukaguzi wa kila mwaka. Gari hilo hilo, likifanyiwa upasuaji huo Nairobi, huendelea na safari zake bila kuulizwa.

Wala tusidhani kwamba tatizo la moshi huu ni letu peke yetu. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Volkswagen ilikuwa imetia programu ya udanganyifu katika magari ya dizeli yapatayo milioni 11 duniani, ili yaonekane safi yanapopimwa. Ikiwa kampuni kubwa kama hiyo iliona kuwa kuusafisha moshi wa dizeli kunagharimu kiasi cha kushawishi udanganyifu, je, mwalimu mwenye mkopo afanye nini?

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake hapa hapa Gigiri, lilitoa ripoti Oktoba 2020 kuhusu magari yaliyotumika. Lilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018, Ulaya, Japani na Marekani ziliuza nje magari madogo milioni 14 yaliyotumika, na sehemu kubwa yakaja Afrika. Hatuwezi kuyakataa yote. Bila mtumba wengi wetu tungetembea kwa miguu. Lakini kupokea bila kukagua ni jambo jingine. Kanda yetu imewahi kuonyesha kwamba inaweza kuchukua hatua: Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliteremsha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa kila milioni, kutoka 500 hapa kwetu. Ulaya wakati huo ilikuwa tayari imefika 10, na injini tunazorithi ziliundwa kwa mafuta hayo. Hata hivyo ilikuwa hatua kubwa, na anga ilifaidika.

Kinyume chake ni hatua ya mwaka 2009, wakati Waziri wa Fedha wa siku hizo, Uhuru Kenyatta, alipowaagiza mawaziri na wakuu wa serikali warudishe magari makubwa na wapokee Volkswagen Passat. Wapo waliosita. Yeyote anayeutazama msafara wa wakubwa siku hizi atajua agizo lile liliishia wapi. Mwananchi huiga akionacho, si akisikiacho.

Nini basi kifanywe? Kwanza, mnunuzi asiulize "Linauzwa pesa ngapi?" bali "Daftari lake la matengenezo liko wapi?" Saa ya kilomita huweza kurudishwa nyuma, daftari lenye mihuri ya miaka yote ni vigumu zaidi kulighushi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Asiyeweza kutenga fedha za matengenezo kila mwezi, kando na mafuta na bima, anunue gari dogo na awe na usingizi. Pili, ukaguzi wa moshi usiwe wa matatu na malori tu. Gari la kibinafsi la dizeli nalo lipimwe ekzosi kila mwaka, na kichujio kisipokuwepo lisiruhusiwe barabarani. Tatu, vyuo vyetu vya ufundi viwafundishe mafundi mitambo hii mipya, kwa vifaa vya kupimia na kwa istilahi za Kiswahili ambazo mwanafunzi atazielewa bila mkalimani. Hilo la mwisho ni deni letu sisi wa idara za lugha.

Kiswahili hutofautisha kutengeneza na kutunza. Kutengeneza huja baada ya kuharibika. Kutunza huja kabla, kila siku, hata pasipokuwa na kilio. Tunatunza wazazi, tunatunza watoto, tunatunza wageni. Gari twalitengeneza tu, na hewa hata hatujaanza. Tuwapo barabarani nyuma ya gari refu linalong'aa huku likitapika moshi mweusi, tukumbuke kwamba aliye ndani analipa kwa karo ya wanawe, na sisi tulio nje tunalipa kwa vifua vyetu.