Mashini ya kura ivumilie jua na mvua ya Tshopo

Congo imefanya uchaguzi mkuu mara mbili kwa mashini: tarehe 30 Desemba 2018 na tarehe 20 Desemba 2023. Mwaka wa 2023, vituo vingi vilichelewa kufunguliwa, mashini nyingine zikagoma, na CENI ikalazimika kuongeza muda. Uchaguzi ujao unangojewa mwaka wa 2028. Maswali yaulizwe sasa, kabla ya mikataba kutiwa sahihi.

Swali moja ni la kioo. Kutoka Kisangani mpaka Opala ao Bafwasende, mashini inapita katika matope, vumbi na unyevu. Kioo cha kawaida cha ofisi kinatoa mwangaza wa niti 250 hadi 300 tu. Jua likikipiga, picha zinafifia. Mpiga kura asiyeona mgombea wake anaomba msaada, na hapo siri ya kura inapotea.

Dawa inajulikana. Vioo vya kazi ya nje vinafikia niti 1.000, vinagandishwa bila nafasi ya hewa ili ukungu usiingie ndani, na sanduku linafungwa kwa kiwango cha IP65, kinachozuia vumbi na maji. Lakini mwangaza mkali unamaliza betri haraka, kwa hiyo betri kubwa nayo iandikwe katika mkataba.

Bei itapanda, ni kweli. Lakini kura iliyopotea hainunuliwi tena. CENI ijaribishe mashini Ubundu wakati wa mvua, mbele ya mashahidi wa vyama, kabla ya kulipa. Kuwaka vizuri katika ofisi ya Kinshasa hakutoshi.