Kabla ya bei ya chumba, uliza maji

Na Mwanaidi Kombo

Kila Oktoba ikiingia, makundi ya WhatsApp ya maofisini Dar es Salaam huanza kujaa Zanzibar. Picha ni ile ile, imetumwa na mawakala tofauti: mchanga mweupe, mnazi umeinama, maji ya feruzi yanagusa ngazi za hoteli. Chini yake kuna bei ya siku mbili pamoja na kifungua kinywa, na onyo kwamba nafasi ni chache. Watu wanachanga, mweka hazina anachaguliwa, na kuanzia hapo mabishano yote ni ya pesa. Hakuna anayeuliza picha ile ilipigwa saa ngapi.

Mimi ningetaka hilo liwe swali la kwanza. Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Paje na Jambiani, imekingwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufuko. Kati ya mwamba na mchanga pana uwanda mpana wa maji ya kina kifupi. Bahari ikipwa, uwanda huo unabaki wazi, maji yanaonekana kwa mbali kama mstari, na aliyekuja kuogelea anatembea juu ya mawe na majani ya baharini huku akichunga asikanyage wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa kwetu hufika kama mita 4. Hiyo imezidi dari ya chumba ulicholipia.

Mtoto wa pwani hafundishwi haya darasani. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku hujichelewesha kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Tena Unguja ina saa zake ambazo hazibadiliki sana mwaka mzima. Siku za bamvua bahari hujaa karibu na saa 10, alfajiri na jioni, na hukauka karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo yanageuka: saa 4 asubuhi maji yapo, saa 10 jioni yametoka, ila hayaendi mbali. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana ratiba nzima mkononi. Siku za mwanzo wa mwezi na zile zinazofuata tarehe 15 ndizo za bamvua.

Sasa mtazame mtu wetu wa wikendi. Ametoka Dar Ijumaa kwa boti ya jioni, saa mbili baharini, kisha gari hadi Paje, amelala amechoka. Jumamosi ameamka saa 3, amekunywa chai, na saa 4 anashuka ufukweni na taulo begani. Kama ni bamvua, bahari haipo. Anapiga picha, anaituma kwenye kundi, na hukumu inatoka hapo hapo: tumetapeliwa. Kwa hili nitaitetea hoteli nusu. Haikudanganya, maji ya kwenye picha ni ya pale pale. Ilinyamaza tu, na kunyamaza huko ndiko kunakoniudhi, kwa sababu meneja, mpishi na mlinzi wa getini wote walijua maji ya Jumamosi ile yatakuwa wapi.

Wanaoyajua zaidi ni wanawake anaowaona kule mbali, wameinama. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza vijiji hivi mwishoni mwa miaka ya 1980, na walio wengi shambani ni wanawake. Wanafunga mbegu kwenye kamba, kamba wanaifunga kwenye vigingi, na maji ya bamvua yanapotoka ndipo wanapata nafasi ya kupanda, kusafisha na kuvuna. Asubuhi ile ile ambayo mgeni anaona likizo yake imeharibika, kwao ni siku ya kazi iliyosubiriwa. Kazi yenyewe imekuwa ngumu, kwani bahari imepata joto na mwani wa bei nzuri, ule wanaouita kotonii, unakufa kwenye maji ya kina kifupi; umebaki zaidi ule wa bei ya chini. Halafu anakuja mtu kutoka Kinondoni anaruka kamba zao bila salamu, simu mbele, anawapiga picha usoni. Amkia kwanza. Ukiruhusiwa, piga.

Sisemi watu waache mashariki. Nasema wapange siku kwa maji. Bamvua ikiangukia wikendi yenu, asubuhi nendeni Jozani mkawaone kima punju, maana msitu uko njiani kati ya mjini na mashariki, au mkazunguke Mji Mkongwe, mrudi ufukweni saa 9 alasiri, bahari inajaa. Hata ule mkahawa wa juu ya jabali pale Michamvi Pingwe, ambao kila mtu anautaka kwenye picha, saa nyingine unaufikia kwa miguu, saa nyingine kwa mashua. Ni maji hayo hayo.

Mwenye watoto wadogo na siku mbili tu, jibu langu ni fupi: aende Kendwa au Nungwi. Kaskazini kule kina kiko karibu na ufuko, mtu anaogelea karibu saa yoyote. Atakuta watu wengi na bei zimechangamka, lakini watoto hawatalia. Aulize pia bei ya Watanzania, kwa sababu hoteli nyingi zinayo na si zote zinazoitaja bila kuulizwa.

Upepo nao una neno. Juni hadi Septemba ni kusi: hewa ya baridi kidogo, mvua chache, Paje imejaa vijana wanaovutwa na matiara juu ya maji, na njiani kwenye boti wengi hutapika. Desemba hadi Februari ni kaskazi, joto kali na bei kali. Masika bei hushuka, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Ningeambiwa nichague, ningechukua mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba, kusi limechoka na vuli bado haijashika. Ramadhani ni sharti uijue kabla: mchana migahawa mingi ya mjini hufungwa, na kula hadharani hairuhusiwi.

Majedwali ya maji hutoka mwaka mzima kabla. Hoteli na mawakala hawana sababu ya kutoyaandika kando ya bei, tarehe kwa tarehe. Mpaka watakapofanya hivyo, mweka hazina wa kundi, usitume hata shilingi ya kwanza kabla hujajibiwa kwa maandishi: Jumamosi yetu maji yanajaa saa ngapi?