Mshumaa Mfupi na Mshumaa Mrefu

Sisi tuliokulia kati ya Goma na Sake tunalijua neno mazuku tangu utoto. Ni vibonde vile katika mawe ya volkano ambamo mbuzi huingia akitafuta majani, asitoke tena. Wataalamu wa volkano ulimwenguni wanaliandika neno hilo hilo, kwa Kiswahili chetu. Lakini mtoto akituuliza mbuzi ameuawa na nini, wengi wetu hunyamaza, na wengine humtaja mchawi.

Kumbe ni hewa ya ukaa itokayo ardhini. Haina rangi wala harufu, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama pa chini kama maji. Mtu mzima aliyesimama aweza kupumua bado, huku mtoto aliyechuchumaa miguuni pake akizimia. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, hatari huzidi.

Shuleni mwanafunzi hukariri jina la hewa hiyo kwa Kifaransa, akapata alama zake, asijue kwamba ndiyo iliyojaa nyuma ya shamba la nyanya yake. Nyanya naye ajua kila shimo lilipo, hata lililofunikwa na nyasi, ila hakuna aliyemweleza sababu. Kwa maoni yetu, kuwafundisha hawa wawili mbalimbali ni kupoteza nusu ya elimu.

Vijana wapendwa, waiteni pamoja. Chukueni beseni lenye kina, msimamishe ndani mshumaa mfupi na mrefu, muiwashe, kisha mmimine siki polepole juu ya bikarbonati iliyo chini, pasipo kuirushia miali. Mfupi huzimika kwanza, mrefu ungali unawaka. Tulipolifanya jaribio hilo uwanjani, watoto walipiga makofi. Mama mmoja hakupiga. Aliomba lirudiwe, akauliza kama ndiyo sababu mtoto asilazwe chini katika kibanda kilichojengwa bondeni.

Baada ya hapo, wazee wawaonyeshe mashimo kwa mbali (msimpeleke mtoto ukingoni, wala msijaribu mshumaa huko), nanyi mchore ramani ya mtaa. Wenye kuihitaji kwanza ni waliokimbia vita, wanaojenga juu ya mawe hayo bila kuwa na nyanya wa jirani wa kuwaonya.