Hesabu ya Mimba Huanzia Hedhi, Si Siku Aliyorudi Mume

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mjuzi wa yaliyomo matumboni mwa wazazi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.

Wapenzi wasomaji, katika mitaa ya Kambarage, Manispaa ya Shinyanga, kama ilivyo Kahama na Geita, zipo nyumba ambazo baba huenda machimboni kutafuta riziki na kurejea baada ya wiki au miezi kadhaa. Mama anaporudi kutoka kliniki na kadi iliyoandikwa umri wa mimba, baadhi ya waume huanza kuhesabu tangu siku waliyoingia nyumbani. Hesabu zikipishana, hata kwa wiki mbili tu, shaka huingia, na shaka huzaa maneno ambayo yakishatamkwa hayarudi. Kwa hiyo wiki hii tumeona tuifafanue hesabu hiyo.

Muuguzi haanzi kuhesabu tangu siku ya tendo la ndoa, bali tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Sababu ni nyepesi: siku ambayo mimba ilitunga ni vigumu kuijua, lakini siku ya hedhi mama anaweza kuikumbuka. Kuanzia siku hiyo huhesabiwa siku 280, yaani wiki 40. Kanuni hii huitwa kwa jina la Franz Naegele, daktari wa uzazi wa Ujerumani wa karne ya 19: chukua tarehe ya hedhi, ongeza siku saba, kisha rudi nyuma miezi mitatu. Hedhi iliyoanza Juni 10 inaleta makisio ya kujifungua Machi 17. Kwa anayefuata miezi mwandamo, miezi tisa haitoshi, kwani ni siku 266 hivi. Aongeze nusu mwezi. Hedhi iliyoanza mwezi mosi Muharram, makisio yake ni kati ya mwezi wa Shawwal.

Sasa tuchukue mfano. Mke amepata hedhi Juni 10, naye mume amerejea kutoka Geita Juni 22. Kwa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28, yai hupevuka yapata siku ya 14, kwa hiyo mimba imetunga siku chache baada ya mume kufika. Agosti 12 mama anakwenda kliniki na kadi inaandikwa wiki tisa. Mume anahesabu na kuona kwamba yupo nyumbani wiki saba na siku mbili tu. Je, mke amekosa? Hasha! Katika wiki hizo tisa, mbili za mwanzo hazikuwa na mimba. Kadi ni sahihi, mke ni msafi, na kosa limo katika hesabu ya mume.

Aidha, tofauti inaweza kuzidi hapo bila ya kuwapo dhambi yoyote. Wapo wanawake ambao mzunguko wao ni mrefu au haueleweki. Wengine wameshika mimba wakiwa bado wananyonyesha, au muda mfupi baada ya kuacha sindano za uzazi wa mpango. Mwingine hutokwa na damu kidogo mimba ikiwa changa, akadhani ni hedhi. Picha ya utrasaundi husaidia, hasa ikipigwa katika miezi mitatu ya mwanzo, ambapo hukosea kwa siku chache tu. Ikipigwa mimba ikiwa kubwa, inaweza kukosea hata kwa wiki mbili au tatu, kwa kuwa watoto hawalingani ukubwa.

Ndugu zetu waume, sheria yetu imelizungumza jambo hili kwa uzito. Qur'an imetaja kuwa kubeba mimba na kumwachisha mtoto ziwa ni miezi 30, na mahali pengine ikataja kunyonyesha miaka miwili kamili. Kutokana na aya hizo, hoja ambayo imenasibishwa kwa Sayyidna Ali (r.a.) alipomtetea mwanamke aliyetuhumiwa, wanazuoni wamesema muda mchache kabisa wa mimba ni miezi sita. Nayo Suratun Nur imeweka adhabu ya viboko 80 kwa anayemsingizia zinaa mwanamke mwenye kujihifadhi, asilete mashahidi wanne. Mume naye amewekewa kiapo kizito cha li'an. Tarehe ya kukisia kwenye kadi haifikii ushahidi wa namna hiyo.

Tufanye nini basi? Kwanza, kina mama tuandike tarehe za hedhi. Tayari tunazihitaji kwa ajili ya swala, saumu na eda. Pili, tuwahi kliniki kabla ya wiki 12. Tatu, mume akiona hesabu haimwingii akilini, aongozane na mkewe wakamuulize mkunga, kabla ya kuuliza majirani au wenzake wa machimboni.

Mwisho, tukumbuke kuwa tarehe hiyo ni makisio. Ni takriban mtoto mmoja tu kati ya ishirini anayezaliwa siku yenyewe. Wengi huzaliwa kati ya wiki ya 37 na ya 42. Kwa mfano wetu wa Machi 17, baba ajiandae tangu Februari 24: fedha ya akiba iwepo, usafiri ujulikane, naye awe karibu na nyumbani. Ikipita tarehe ya makisio na uchungu haujaanza, mama arudi kliniki apimwe, asikae akisubiri. Na wakati wowote akitokwa na damu au akihisi mtoto hachezi kama kawaida, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo.

Tunamuomba Allah azilinde ndimi zetu na dhana mbaya, awajaalie wajawazito wetu kujifungua salama, na awarejeshe baba zetu wa machimboni wakiwa wazima. Wabillahi tawfiq.