"Ataacha Akikua" Imechosha

Wasee, kila mtaa uko na hii sentensi. Mama anaona jicho moja la mtoi wake linaenda kando, anauliza kama ni kawaida, na kabla amalize ashajibiwa: "Usijali, ataacha akikua." Anayejibu ni shosho, ni jirani, saa zingine ni sisi.

Inaaminika kwa sababu iko na ukweli kidogo. Macho ya mtoto mchanga bado hayajazoea kutembea pamoja, kwa hivyo yanaweza kupotezana mara moja moja. Lakini akifika miezi minne hivi, yanafaa kuangalia upande mmoja. Na kama jicho limekaa kando saa zote, hata hiyo miezi minne usingoje.

Shida ni kwamba tunachukulia makengeza kama mambo ya sura tu. Kumbe kazi kubwa iko kwa ubongo. Ukiletewa picha mbili zisizolingana, unachagua moja na kupuuza ingine. Jicho linalopuuzwa halijifunzi kuona, na likikaa hivyo miaka mingi, hata miwani haitalirudisha sawa. Matibabu yapo: miwani, kuziba jicho zuri masaa kadhaa kwa siku ndio lile lingine lilazimike kufanya kazi, ama upasuaji. Hufaulu zaidi mtoto akiwa mdogo, hasa kabla ya miaka saba. Sasa hiyo "akikua" tunangoja ya nini?

Halafu baada ya kumwambia mama angoje, ni sisi tena tunampa mtoto jina. Mtaani kwetu kulikuwa na kijana aliitwa Kona mpaka akamaliza darasa la nane. Hakuna mtu aliwahi kumpima macho, lakini jina alipewa haraka.

Kuangalia ni rahisi. (Mimi si daktari, chuo chenyewe niliacha, kwa hivyo hii ni ya kukupeleka kliniki, si ya kukuzuia.) Chukua tochi ndogo isiyo kali, ishike mbali kidogo na uso wa mtoto akiwa anakuangalia. Utaona kitone cha mwanga kwa kila jicho. Vinafaa kukaa mahali pamoja. Kimoja kikiwa katikati ya mboni na kingine pembeni, nenda. Kuna watoto wenye daraja la pua pana wanaokaa kama wana makengeza na hawana. Kwao vitone huwa sawa, ingawa bado ni vizuri daktari athibitishe.

Na ukipiga picha na flashi, mboni moja itoke nyeupe, hiyo usilale nayo. Inaweza kuwa saratani ya jicho.

Kile kijitabu cha mama na mtoto cha kliniki kiko na sehemu ya macho. Ebu kifungue leo. Kama haijajazwa, muulize nesi mbona.