FreeBSD: Kwa nini kuziba ufa hakukutosha

Februari 2015, watengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta wa FreeBSD walitoa onyo: kwa takriban miezi minne, kizalisha namba nasibu katika kiini cha toleo lao la majaribio kilikuwa na hitilafu.

Kwa nini jambo hili ni zito? Namba hizo ndizo hutumika kutengeneza funguo za siri zinazolinda mawasiliano. Anayeweza kuzibashiri anaweza kuupata ufunguo wenyewe. Tena ufunguo dhaifu hauna alama: hufanya kazi sawasawa na ulio imara.

Kiini kilirekebishwa, lakini marekebisho hayakuzigusa funguo za zamani. Watumiaji walitakiwa kutengeneza mpya. Kwetu, hapo ndipo penye hatari: anayesasisha mfumo akaishia hapo hubaki wazi, akiamini yuko salama.