Nahodha Hashiki Kila Kamba

Iko methali ambayo wakubwa wa mashirika yetu huipenda mno: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Huitoa kila wanapotaka kuwanyamazisha walio chini yao. Sina ugomvi na methali. Ugomvi wangu ni na wale wanaoifahamu nusu. Katika majahazi yaliyokuwa yakitia nanga Bandari ya Kale, kando ya Mji wa Kale hapa Mombasa, nahodha alikuwa mmoja, lakini hakushika kila kamba. Yeye ndiye aliyeamua kama safari ni ya Lamu au ya Maskati, na siku ya kung'oa nanga. Aliyeshika usukani, na wale waliovuta henza kupandisha foromali, waliijua kazi yao wala hawakungoja kuambiwa namna ya kukaza mikono.

Ni lipi basi la kuamuliwa na mkuu, na ni lipi waachiwe wenye kazi? Hapa kisiwani swali hili si la vitabuni. Limepata kuwanyima watu riziki.

Tutazame Kilindini. Mnamo Agosti 2019, Halmashauri ya Bandari, KPA, na Mamlaka ya Ushuru, KRA, zilitoa agizo kwamba shehena zote kutoka ng'ambo ziendazo Nairobi na bara zisafirishwe kwa reli mpya, na taratibu za forodha zikamilishwe katika bandari ya nchi kavu ya Embakasi. Sababu haikuwa siri. Reli hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengwa kwa mkopo wa China, na deni sharti lilipwe. Kutaka reli ipate mizigo halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuamuru njia badala ya kueleza lengo. Wenye malori, mawakala wa forodha na wafanyakazi wa vituo vya makontena walipashwa habari kama watu wasiohusika, ilhali wao ndio walioijua kazi hiyo kwa mikono yao.

Matokeo yake tunayajua. Watu wa Mombasa waliandamana, na shauri likafikishwa mahakamani. Novemba 2020, Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka katiba. Kisha Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirejeshwe Mombasa. Wengi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Hata hivyo, ndugu msomaji, tutafakari: hilo nalo lilikuwa agizo kutoka juu. Kilichorejeshwa kwa neno la mtu mmoja chaweza kuondolewa kwa neno la mtu mwingine.

Watakuwapo watakaosema kwamba, ikiwa ni hivyo, kila idara iachwe ijitawale. La hasha! Kontena moja linaloshushwa Kilindini huweza kuhitaji idhini ya watu wa forodha, wa viwango vya ubora, wa afya ya mimea na wa afya ya bandari. Kila mmoja akija kwa saa yake na kwa fomu zake, mwenye mzigo ndiye anayelipa gharama za kuchelewa. Mfanyabiashara wa Kampala au Kigali hajali ni idara gani iliyomchelewesha. Yeye husema Mombasa imemchelewesha. Uhuru usio na lengo la pamoja ni fujo tu iliyovishwa jina zuri.

Dawa tunayo, na imepata kuandikwa hapa hapa. Mwaka 2014 idara za serikali na mashirika ya kibinafsi yanayoitumia bandari yalitia saini mkataba wa jumuiya ya bandari ya Mombasa. Kila upande ulibaki na kazi yake, lakini wote walijifunga kwa malengo mamoja ambayo yangeweza kupimwa. Nionavyo mimi, huo ndio uongozi: mkubwa na mdogo wakubaliane waendako na kipimo cha mwendo, kisha anayejua kazi aachiwe aifanye, na awajibike kwa matokeo.

Anayedhani kwamba kufanya hivyo humshushia mkubwa hadhi na atazame meli kubwa ya kigeni ikiingia kati ya Ras Serani na Likoni. Kapteni wake, hata akiwa amezunguka dunia nzima, hupokea rubani wa bandari ambaye huujua mlango ule. Kapteni havuliwi ukapteni. Meli ingali yake na dhamana ingali yake. Lakini humsikiliza anayeyajua maji ya hapa.

Kwa hiyo nasema wazi. Agizo lolote linaloigusa bandari lisitoke Nairobi kabla ya kuwasikiliza watakaolitekeleza na watakaoumizwa nalo. Mipaka ya madaraka ya wasimamizi wa Mombasa iandikwe, ili isibadilike kila serikali inapobadilika. Nao wasimamizi hao, wakishapewa uhuru wanaoulilia, wasiufanye pazia la uzembe. Watangazie umma kila mwaka wametimiza nini na wameshindwa nini. Atakayekataa sharti hilo la mwisho asidai yale mawili ya kwanza.